Mwamerika na Ndoa ya Watu Wawili

Papa Zacharie alinipigia simu akiwa ndani ya tram. Hakuniuliza habari za nyumba wala za magoti yangu. "Espe, Papa Evariste amekufa, asubuhi hii. Nilishamuambia Maman Nabintu, sasa nakuambia weye. Bon, niko nashuka." Simu ikakatika. Nilikuwa Uccle, hapa Ubelgiji, jikoni kwa mzee ninayemtunza, napasha supu yake ya karoti, nikaendelea kuikoroga mpaka ikashika chini ya sufuria. Watu wetu wengi humlaumu Papa Zacharie kwa tabia hiyo. Kwetu Kivu habari ya kifo haitupwi kwa mtu aliye peke yake na mwiko mkononi. Wakubwa wanakusanyika kwanza, wanakuja kwako kama wanaosalimia tu, mmoja anakaa karibu nawe, mwingine anasogeza vyombo vya moto, ndipo unaambiwa. Yeye hangoji. Akipata habari, nzuri au mbaya, anaitoa palepale, uwe barabarani, uwe kazini. Wanasema Ulaya imemharibu. Mimi sikuwahi kusema hivyo, lakini pia sikumtetea. Nilidhani najua tabia hiyo ilikotoka, kumbe nilijua nusu.

Ninaandika haya kwa wasiwasi. Shule niliiacha kabla haijanikolea, na kuandika kwangu ni kule kwa jioni, mambo ya siku moja moja: nani alikula, nani alikataa dawa, mvua ilinyesha au haikunyesha. Sijawahi kuandika mwaka mzima. Halafu watu ninaowataja wawili bado wako hai na wote wawili walinipa kitanda, kwa hiyo nikiona nimemwegemea mmoja nitarudi nyuma nisawazishe. Msomaji anivumilie.

Matanga yalikuwa Jumamosi mchana, Jette, katika ukumbi wa parokia, uleule wa zamani. Wamebadilisha mapazia na wameweka taa nyeupe zinazomfanya kila mtu aonekane mgonjwa, lakini jukwaa ni lile la mbao, na mlango wa pembeni bado hauzibi baridi. Tulikaa kwenye viti vya plastiki tukizunguka kuta. Picha ya Papa Evariste ilikuwa mezani na tai yake ya siku zote. Baada ya sala, watu walipoanza kupumua, mpwa wake mmoja akasema, "Munakumbuka Papa Théâtre, ile siku alipanda kuamua ndoa ya uongo?" Ukumbi ukacheka. Hata binti zake walicheka, leso machoni. "Alimuambia bwana, weye, acha kukula, simama," mwingine akaongeza, "na bwana mwenyewe iko ndani ya mchezo, maskini, hajue asimame ao aendelee." Lazima niseme kwamba kicheko hicho kilikuwa cha upendo. Kila arusi, kila ubatizo, vijana wakitaka kuigiza kitu walikuwa wanasema kwanza Papa Evariste afungwe kwa kiti. Yeye mwenyewe alikuwa anacheka nao. Jina hilo la Papa Théâtre alilibeba mpaka alipokufa.

Maman Nabintu alifika kutoka Liège watu wakiwa bado kwenye kicheko. Aliwapa mabinti mkono, akaitazama picha, akapita moja kwa moja mpaka jikoni nilikokuwa nakata vitunguu. Amezeeka vizuri, mgongo umenyooka. Akachukua kisu kingine.

"Espe, unasikia vile banamucheka?"

"Nasikia, maman."

"Miaka hii yote. Na mi nilinyamaza."

"Ukisema, watamupa jina ingine," nikamwambia. "Mupumbavu banamusamehe. Lakini parrain mwenye alivunja ndoa yenye alisimamia, ile hawasamehe. Na kesho banamuzika."

"Njo ile inanishinda."

"Na Papa Zacharie iko pale, karibu na dirisha. Utasema mbele yake?"

Alikata kitunguu kile mpaka kikawa karibu maji.

Mwaka wa ule mchezo nilikuwa na umri wa msichana ambaye kwao wanaanza kuuliza ataolewa lini, na nilikuwa nimepata nafasi ya kusomea kazi ya kutunza wagonjwa. Asubuhi masomo, mchana mazoezi katika hospitali kubwa ya Jette. Papa Zacharie na Maman Nabintu, bwana na bibi ambao si ndugu zangu bali watu wa kata moja na sisi, walinipa divani ya sebuleni. Nyumba yao ilikuwa ghorofani, juu ya duka la mkate, kwa hiyo alfajiri ilipanda kwetu harufu ya siagi ambayo hatukuinunua. Kulikuwa na meza yenye kitambaa cha plastiki kilichochorwa ndimu, kalorifa, kile chuma cha kupasha nyumba joto, chini ya dirisha, iliyogonga kama mtu anayeomba kuingia, na kijichumba cha kupigia pasi. Katika kijichumba hicho ndimo Maman Nabintu alilala. Papa Zacharie alilala chumbani. Siku ya kwanza nilidhani ni kwa sababu ya kukoroma.

Walikuwa hawaongei. Si kwamba waligombana, ugomvi ningeuzoea. Walikaa meza moja, sahani zikigusana, na maneno yakapitia kwangu. "Espe, ambia papa yako sombe iko kwa moto." "Ambia maman yako nilishaiona." "Ambia papa yako kesho nafanya kazi asubuhi." Mimi nilirudia kila neno, mwanzoni kwa sauti, baadaye kwa kutazama tu, maana mtu alishasikia. Usiku nilijiuliza kama ndoa zote za Ulaya ziko hivi, au ndoa zote tu.

Sababu nitaieleza kama kila mmoja alivyonieleza, bila kutia chumvi. Mama yake Maman Nabintu alifia Bukavu. Simu ilimkuta Papa Zacharie nyumbani, mke akiwa kazini, katika chumba cha kufulia cha nyumba ya wazee. Alifanya kama mtu wa kwao anavyopaswa kufanya: alikimbia kwa parrain wao, yaani msimamizi wa ndoa yao, Papa Evariste, na wakubwa wakamwambia, ngoja Jumapili baada ya misa, tuje wote, usimwambie akiwa peke yake. Akangoja. Maman Nabintu akaenda kazini na kurudi akiimba. Jumamosi akapika sambaza, vile visamaki vya ziwa letu, ambavyo mama yake alikuwa amemtumia mkononi mwa msafiri. Papa Zacharie alikula. Alisema ni vitamu. Kesho yake wakubwa wakaja, wakakaa, wakasogeza vyombo vya moto. Mazishi yalikuwa yameshapita.

"Alikula samaki ya mama yangu," Maman Nabintu aliniambia, pasi mkononi, "na alijua mwenye alituma hayuko tena. Na akaniambia, ni tamu."

"Ningekataa kukula, angejua," Papa Zacharie aliniambia siku nyingine, tukipandisha maji ya chupa kwenye ngazi. "Nilikula juu ya kumuchunga. Ile samaki haikunipita kwa koo, Espe. Lakini nani ananiuliza?"

Niliwasikiliza wote wawili, na mpaka leo sijui. Nikiwa na huyu, huyu ana haki. Nikienda kwa yule, haki inahama. Papa Zacharie alifuata desturi ambayo hata Maman Nabintu mwenyewe, kama ingekuwa kifo cha mwingine, angeifuata.

Ndipo akaja Mwamerika. Alikuja mkononi mwa Padri Jozef, mmisionari mzee wa hapa Ubelgiji, aliyekaa Kivu mpaka nywele zikamwisha na aliyezungumza Kiswahili cha wazee wetu, cha taratibu, bila Kifaransa ndani. Parokia ilikuwa na sikukuu yake na jumuiya yetu kila mara ilicheza mchezo uleule wa mchawi na mwana mpotevu. Padri Jozef alichoka. Akaleta karatasi za fotokopi za Kifaransa, ukurasa wa mbele haupo, akasema ni mchezo wa Mwamerika wa mwanzo wa karne iliyopita, mtu aliyeandika juu ya ndoa maisha yake yote. Wenzake kule walimlaumu kwamba ana habari moja tu, na yeye akaendelea. Alikuwa na mke, Padri alisema, na mke huyo alihudhuria kila mchezo wake siku ya kwanza, akakaa nyuma kabisa karibu na mlango. Hakuna aliyejua kama ni mapenzi au ni ulinzi. Jina la mwandishi Padri alilitamka mara moja, likatupita. Sisi tulimwita Mwamerika, kana kwamba nchi nzima ile ina mtu mmoja.

Mchezo wenyewe una watu wawili na meza moja. Jioni tatu za baridi. Bwana anarudi kazini, bibi anampa chakula, wanaongea juu ya jiko, juu ya theluji, juu ya arusi ya jirani ambayo hawakualikwa. Hakuna anayepiga kelele. Jioni ya tatu bibi anavaa koti, anachukua sanduku, anasema supu iko kwa moto, anatoka. Bwana anaendelea kula. Pazia. Padri Jozef alipomaliza kutusomea, katika ukumbi ule, kamati ya sikukuu ilitazamana kama iliyosomewa barua ya watu wengine.

"Huyu bwana hana dada?" mama mmoja akauliza. "Bibi hana ata shangazi? Parrain wao iko wapi?"

"Katika mchezo huu wako wawili tu, mama," Padri alisema.

"Wawili tu ndani ya ndoa?"

"Wawili tu."

"Njo maana ilikufa."

Walicheka mpaka Padri naye akacheka. Papa Evariste hakucheka. Alikuwa mtu mpole, dereva wa lori aliyestaafu, mwenye mikono mikubwa ambayo hakujua aiweke wapi akiwa amekaa. Alisema, "Mimi kama ningekuwa parrain yao, ile jioni ya pili ningekuwa nilishafika." Kisha akamuuliza Padri kama Mwamerika alimpendelea bibi au bwana. Padri alisema amesoma mara nyingi na hajaona. Papa Evariste akaitikia kwa kichwa, kama mtu anayekubali kwamba kazi imefanywa sawa.

Shida ikawa nani atacheza. Kwetu mke wa mtu hawezi kuwa mke wa mwingine, hata kwa mchezo, hata kwa saa moja, mbele ya shemeji zake. Wasichana wakakataa pia: nani atakuja kumposa mtu aliyeonekana na parokia nzima akimwacha bwana na supu? Lazima iwe bwana na bibi wa kweli. Papa Evariste ndiye aliyewataja Papa Zacharie na Maman Nabintu. Alijua nyumba yao ilivyo, na alikuwa miongoni mwa waliosema ngoja Jumapili. Nafikiri alitumaini kitu. Papa Zacharie hakuweza kumkatalia parrain. Maman Nabintu alikubali kwa sababu nyingine, aliyoniambia akikunja mashuka: "Kule ndani bibi anaongea."

Mimi nilipewa kazi ya souffleuse, yaani kukaa nyuma ya pazia na kunong'ona maneno kwa aliyesahau. Padri Jozef alitafsiri kwa sauti, mimi nikaandika, na kwa kuandika nikajikuta najua yote. Alinifundisha kwamba souffleuse haamui chochote. Haongezi, hapunguzi, hasaidii mmoja kuliko mwingine. Anampa mtu neno lake lililompotea, basi. Nilidhani ni kazi ndogo.

Mazoezi yalifanyika nyumbani, mezani, wakati wa chakula, maana Maman Nabintu alikataa kuigiza na sahani tupu. Alisema chakula si kitu cha kuchezea. Kwa hiyo kila jioni mimi nilikaa kwenye divani na karatasi magotini, Papa Zacharie akatoka nje kwenye ngazi, akaingia, akavua kofia. Neno la kwanza ni la bibi. Kwa Mwamerika lilikuwa kitu kirefu juu ya supu kupoa, lakini Padri alisema tulifanye letu. "Ulishakula?" alisema Maman Nabintu. "Bado," alijibu Papa Zacharie. Kisha Mwamerika ameandika: wanakula. Na walikula, bugali na maharagi, au kabichi na soseji za hapa, wakiongea juu ya theluji ya Amerika. Mara ya kwanza nilisahau kuwafuata kwenye karatasi. Nilikuwa sijawahi kuwasikia wakijibizana.

Wakaanza kuyatumia maneno yale nje ya mchezo. Kalorifa ilipokufa, Papa Zacharie alisimama mlangoni mwa kijichumba cha pasi akasema neno la jioni ya pili, "Jiko limezimika tena," na Maman Nabintu akajibu kama ilivyoandikwa, "Basi leta blanketi." Akaleta. Mlango wa jirani ulipogongwa kwa nguvu, walisema kwa pamoja, "Wamerudi arusini," na nikaona mdomo wa Maman Nabintu ukicheza. Sikuhitajika tena kupeleka ujumbe. Niliweza kula chakula changu kikiwa moto.

Lakini Mwamerika hakuwaandikia kila kitu. Jioni moja, katikati ya jioni ya pili ya mchezo, Papa Zacharie alinyamaza mahali ambapo hakuna neno lake. Kijiko kilikuwa hewani. Akanigeukia. "Espe, hapa hakuna kitu ingine? Angalia bien."

Nikaangalia. "Hakuna, papa. Anaendelea kukula."

"Padri hakuruka mustari?"

Kesho yake nilimwendea Padri Jozef. Alivaa miwani, akafuata Kifaransa kwa kidole, mstari kwa mstari, bila kunicheka. "Hakuna, binti yangu. Hapa mwandishi amemwacha bwana bila maneno. Pengine naye hakuwa nayo." Nilirudisha jibu hilo mezani kama lilivyo. Maman Nabintu alikuwa anapakua. Bila kuinua macho alisema, "Ambia papa yako, maneno yake mwenyewe hakuna mwenye aliyakataza."

Ilikuwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi kwamba ujumbe unapitia kwangu. Papa Zacharie alifungua mdomo. Nilimwona, na nataka iandikwe kwamba alifungua mdomo. Halafu akatazama sahani yake. Mtu aliyelelewa kungoja wakubwa waje ndipo jambo zito lisemwe hawezi kulisema peke yake mezani kwa sababu tu mezani pamebaki watu wawili. Na mwanamke aliyekula na mtu aliyemficha kifo cha mama yake hawezi kungoja daima. Sijui Mwamerika angesema nini. Kila nikikumbuka kijiko kile, mimi nachoka tu.

Sikukuu ikafika, Jumapili baada ya misa. Ukumbi ulijaa, watoto sakafuni, makoti yaliyolowa mvua yakinuka. Papa Evariste alikaa mstari wa mbele na tai yake. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia karibu na ule mlango wa pembeni, kwenye kibao. Katika mazoezi ya ukumbini tulitumia sanduku la parokia, tupu. Siku hiyo Maman Nabintu alikuja na la kwake, la kahawia, na sikujiuliza, maana la parokia lilikuwa limekatika mkono. Jioni ya kwanza ilipita vizuri. Kwenye "Wamerudi arusini" watu walicheka. Jioni ya tatu akavaa koti, akachukua sanduku, akasema supu iko kwa moto, akaja mpaka mlangoni, hatua chache kutoka nilipokuwa. Akasimama. Haikuandikwa asimame.

Akina mama wakaanza kunung'unika. "Asiende." "Bamufuate." Papa Zacharie aliinamisha kichwa kwenye sahani, kama ilivyoandikwa. Na Papa Evariste akainuka. Alipanda jukwaani na viatu vyake vikubwa, mbao zikalia. "Apana, apana," alisema. "Mutoto yangu, ngoja kwanza. Na weye bwana, unakula nini? Acha kukula, simama." Ukumbi ulipasuka kwa kicheko. Watoto walipiga miguu chini. Alimfikia Maman Nabintu akamnyang'anya sanduku kwa mkono mmoja, haraka, kama mtu anayeinua kitu kitupu, na mkono ukashuka nalo, na bega likafuata mkono. Aliliangalia sanduku. Akamwangalia yeye. Watu walikuwa bado wanacheka, hawakuona kitu.

"Nabintu," alisema chini chini. "Hii ni ya kweli."

"Ndiyo, papa."

Aliwapa watu mgongo. "Nikupeleke nyumba ao nikupeleke gare?"

Maman Nabintu alitazama nyuma, mezani. Papa Zacharie alikuwa anakula. Mchezo ulimtaka ale, angefanya nini?

"Gare," alisema.

Papa Evariste akageukia ukumbi, akajikuna kichwa. "Bon," alisema kwa sauti. "Nilisahau ni mchezo. Muko munacheka nini, muzee akisahau? Endeleeni." Wakacheka zaidi. Akatoka na Maman Nabintu kwa mlango wa pembeni, na lile sanduku alilibeba kwa mkono mmoja, akilibembeza kidogo, ili lionekane halina kitu. Nilikuwa karibu kiasi cha kuona mshipa wa shingo yake. Aliponipita alisema, "Espe, funga nyuma yetu, baridi inaingia." Nikafunga. Jukwaani Papa Zacharie alimaliza sahani yake peke yake, kama alivyotaka Mwamerika, na watu wakampigia makofi marefu. Nikavuta pazia, nikaenda kupanga vikombe.

Gare, yaani stesheni ya Jette, si mbali na ukumbi. Papa Evariste alirudi watu wakiwa bado wanakunywa, akawaambia Maman amechoka, amempeleka akapumzike, na yeye mzee anaomba msamaha kwa kuharibu mchezo. Jina la Papa Théâtre lilizaliwa kabla hajamaliza glasi yake. Nyumbani Papa Zacharie alifungua kabati, akalifunga, akaosha sahani yake mwenyewe. Hakuniuliza. Mimi sikusema. Baadaye ikajulikana kwamba dada yake Maman Nabintu wa Liège anaumwa mguu na kwamba amekwenda kumsaidia, na mguu ule ukaumwa miaka yote. Hawakuachana kanisani wala kwa sheria. Baadhi ya Jumapili Papa Zacharie alipanda treni na mfuko wa sambaza, akala kule, akarudi jioni. Mimi nilimaliza masomo, nikahama. Niliolewa pia, na nilikuwa mke mwenye kusema mno, nadhani kwa sababu ya mwaka ule. Kila kimya kilinifanya niangalie sanduku liko wapi.

Basi, Jumamosi ile ukumbini, Maman Nabintu aliweka kisu chini, akanawa mikono, akatoka jikoni. Nikamfuata. Alisimama mbele ya picha na watu wakanyamaza, wakidhani ataanzisha wimbo. Alifungua mdomo. Hakuna kilichotoka. Nilimwona Papa Zacharie kwenye kiti chake karibu na dirisha, fimbo kati ya magoti. Maman Nabintu akageuka akanitafuta kwa macho, na kwa sauti ileile ya mazoezi akasema, "Espe, nipe neno ya kwanza."

Ningeweza kumpa neno jingine. Ningeweza kumpa wimbo. Kesho mtu anazikwa, na mpumbavu anayependwa ana mazishi mazuri kuliko parrain aliyemsindikiza mke wa mtu kwenye treni. Lakini hilo halikuwa langu kuchagua. Nikamnong'oneza lake lililompotea, "Sanduku ilikuwa nzito."

"Sanduku ilikuwa nzito," alisema Maman Nabintu. Na akaeleza yote, mpaka stesheni, mpaka Papa Evariste alivyosimama kwenye ngazi za treni akimwambia, sisi ndio tulimwambia bwana yako angoje, kosa hilo nalo unihesabie mimi. Hakuna aliyecheka. Mzee mmoja wa kamati alisema, "Donc, parrain mwenyewe njo alikupeleka?"

"Njo yeye."

"Parrain wa namna gani sasa?" mtu alisema nyuma, na manung'uniko yakaanza, yale niliyoyaogopa. Binti mkubwa wa Papa Evariste aliinamisha kichwa.

Papa Zacharie aligonga fimbo sakafuni, mara moja. "Mi nilijua."

Maman Nabintu akamgeukia.

"Ile siku ile. Espe alienda kwa vikombe. Nilikuwa nyuma ya pazia, mukono yangu bado iko na bugali. Parrain akaingia, koti imelowa, ata hakukaa. Akaniambia, 'Bibi yako ameenda Liège, mimi nimemusindikiza, nakuambia sasa hivi. Ile habari ingine tulikungojesha, na tuliona vile ilileta. Hii sikungojeshe.' Halafu akatoka mbele yenu kuchekwa." Akashika fimbo kwa mikono miwili. "Nilimukasirikia muda mrefu. Lakini hakuna muntu alishanihesabu kuwa muntu vile. Toka ile siku mi pia, nikipata habari, siwezi kuikalia."

Ukumbi ulitulia, si kwa ghafla, bali kama maji yanavyoacha kuchemka ukizima moto. Mpwa aliyeanza mzaha alitazama viatu vyake. Hakuna aliyetamka jina lolote, la zamani wala jipya. Maman Nabintu alikuwa bado amesimama.

"Na miaka yote, zile Jumapili, unakuja, unakula, hauseme?" alimuuliza.

"Nilizani njo siri yenu. Weye na yeye."

"Na mi nilizani haujue."

Alivuka ukumbi polepole, akavuta kiti cha plastiki, akaketi kando yake. Hawakushikana mikono, si watu wa hivyo. Binti wa Papa Evariste alituma sahani zianze kupita, maharagi na wali. Nilikuwa nimesimama nyuma yao na sufuria. Nilimsikia Maman Nabintu.

"Ulishakula?"

"Bado," alisema Papa Zacharie.

Kwa mazoea nikatafuta kichwani mstari unaofuata, niwe tayari kama mmoja atasahau. Lakini kwa Mwamerika mstari unaofuata si maneno. Ameandika tu: wanakula. Nikawapakulia.